Aliyepasha Ngoma Moto

Mkono ulionyooshwa ulikuwa wa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Nilikuwa nimetoka kuwasomea watoto wa darasa la tano sura ya pili ya mswada wangu, katika shule moja ya msingi huku Temeke, na maswali nilikuwa nimejiandaa nayo. Nilijua wataniuliza kama Tatu, binti mwenye hadithi yenyewe, atakuja kuwa mwimbaji mkubwa. Kama atamkomesha yule msichana mwenye maringo. Kama mimi mwenyewe nimewahi kuonekana kwenye televisheni. (Hilo la mwisho waliliuliza kweli. Nikawajibu ndiyo, mara mbili, na mara ya pili mpiga picha alinikata kichwa.)

Yule wa nyuma akasimama, mikono kaifunga mgongoni.

"Shikamoo bibi. Yule aliyekuwa anapasha ngoma moto, yeye alikuwa anasoma?"

"Marahaba. Yupi huyo?"

Sikumkumbuka. Ikabidi nipekue karatasi zangu mwenyewe mbele ya watoto hamsini na kitu, miwani inaniteleza, mwalimu ananitazama kwa huruma. Nikamkuta ukurasa wa 14, katika sentensi moja: *Nyuma ya ukumbi mtoto mmoja alikuwa akipasha ngoma moto.* Basi. Nilimweka pale kama mchoraji anavyoweka chungu pembeni ya picha ili ijulikane kuwa pale ni jikoni.

Nikamwambia ni swali zuri. Mtu mzima akisema "swali zuri", ujue hana jibu.

Wiki sita sasa.

## Niliyoyaandika kabla ya hapo

Niliingia kwenye kikundi cha sanaa mwaka 1986 nikiwa na miaka 18, nikatoka mwaka 2000 nikiwa na magoti ya bibi kizee. Nilianza kwenye ngoma, nikahamia maigizo, mwishoni nikawa muitikiaji kwenye taarab. Hatukuwa kikundi kikubwa kama Muungano ya Norbert Chenga wala TOT ya Kapteni John Komba. Sisi tulikuwa wale wadogo, tuliopata ukumbi Jumamosi ambayo wakubwa wamesafiri. Lakini mpangilio ulikuwa uleule: kwaya, ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, tena ngoma, halafu taarab ya kufungia, watu wainuke viti vyao wakatunze.

Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa zaidi. Wasiokuwepo waulize wazazi wao ni nani alikuwa upande wa Khadija Kopa na nani alikuwa upande wa Nasma Khamis, waimbaji wa taarab waliokuwa wakishindana, kisha wakae pembeni wasikilize ugomvi ukifufuka.

Nilipoamua kuandika riwaya ya watoto, sikuona shida. Maisha ninayo. Nikamtunga Tatu, binti wa Mbagala, anayesikia taarab ng'ambo ya ukuta, anaingia kikundini, anaonewa, anavumilia, na mwisho ukumbi mzima unasimama kumtunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso wake mpaka haoni mbele. Nililia nikiandika sura hiyo ya mwisho. Nilipoirudia baada ya lile swali la darasani, sikulia hata kidogo.

Kitu fulani kilikuwa kinanikera na sikuwa na jina lake. Nilisoma tena mswada wote, kurasa 212, nikiwa nimekaa barazani na kalamu nyekundu, na jua lilipozama nikakijua. Nilikaa miaka 14 nyuma ya pazia, halafu nimeandika kitabu kizima kama mtu aliyelipa kiingilio.

Kila kitu nimekiona kwa mbele. Taa, nguo, tabasamu, makofi.

## Kurasa 212

Kwa nini zilifika 212? Kwa sababu maigizo yetu hayakuandikwa. Siku ya Jumanne tulikaa chini ya mwembe, kiongozi akatupa kisa: baba mlevi, mama mvumilivu, binti ana mimba, mganga tapeli. Akagawa nafasi. Maneno kila mtu alijitafutia mwenyewe, na mengine aliyapata palepale jukwaani watu wakimtazama. Mwenzako akikwama, unamfunika kwa maneno mpaka akumbuke alikofika. Ukiona watu wanacheka, unanyoosha. Ukiona wanaangalia saa, unamwita mganga aingie mapema.

Ni shule nzuri ya kuongea, ila kuandika sikufundishwa pale. Tatu alipokwama kwenye mswada, nilimfunika kwa maneno. Mhariri mmoja aliyenipa muda wake aliniambia nipunguze mpaka kurasa 90, kisha akaongeza kwa upole kuwa wahusika wangu wote wanaongea kama wanamsubiri mtu aliyechelewa kuvaa.

Alikuwa sahihi kabisa. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya.

## Nyimbo

Zaidi ya maneno mengi, kulikuwa na nyimbo. Nilizipanga vizuri, beti kwa beti, na kiitikio nikakiandika kwa herufi za mlazo. Kule shuleni niliziimba, watoto wakapiga makofi, nikajiona nimeweza. Kumbe makofi yalikuwa ya koo langu. Mjukuu wangu wa miaka 11 alipousoma mswada peke yake, alimaliza sura ya tano upesi mno.

"Umesoma yote?"

"Yote, bibi. Ila pale kwenye nyimbo niliruka. Si nyimbo tu?"

Si nyimbo tu! Miaka 14!

Nikakumbuka hadithi tulizotambiwa utotoni, ambazo karibu kila moja ilikuwa na wimbo tumboni mwake. Zimwi linaimba, ndege anaimba, binti aliyetupwa kisimani anaimba, na sisi tunaitikia huku tumeshika magoti. Hakuna aliyeruka. Lakini bibi yangu alikuwepo pale na sauti yake ya mikwaruzo, na giza, na moshi wa kibatari. Kitabu hakina koo. Ukimwandikia mtoto ubeti asioujua sauti yake, umempa ganda la muwa.

Nikaanza kusoma walivyofanya wengine waliotoka jukwaani wakawaandikia watoto. Noel Streatfeild alikuwa mwigizaji huko Uingereza kwa takriban miaka 10 kabla ya kushika kalamu. Riwaya yake ya kwanza ya watoto, ya mwaka 1936, inahusu wasichana watatu wa London wanaosomea kazi za jukwaani kwa sababu nyumbani fedha zimekata. Tim Federle, Mmarekani, alicheza dansi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, baadaye akawa ananoa watoto walioigiza katika Billy Elliot, igizo la nyimbo na dansi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 2013, ya mvulana wa Pennsylvania anayetoroka kwao akapanda basi hadi New York kwenda kujaribiwa kwa uigizaji.

Nilikuwa natafuta wameandikaje nyimbo. Nikakuta wanaandika kazi. Nauli shilingi ngapi, nani kashona gauni la kwendea kwenye usaili, mtoto anasubiri foleni muda gani, anakula nini akisubiri. Katika kitabu cha yule mama wa Uingereza, mmoja wa wasichana watatu jukwaa halipendi hata kidogo, akili yake yote iko kwenye injini, na bado anacheza kwa sababu nyumbani mshahara unahitajika.

Na kuna jambo moja nililisoma mara mbili. Wale wasichana wakitimiza miaka 12 wanakatiwa kibali cha kufanya kazi jukwaani, na masomo yanaendelea. Ipo sheria. Kuna mtu wa kuuliza: huyu anasoma?

## Dogo

Alikuwepo. Huyo wa ukurasa wa 14 sikumtunga.

Mwaka 1991 tulizunguka Nyanda za Juu Kusini mpaka Songea. Wakati wa kurudi, tulipofika Njombe na kushusha vyombo, tukamkuta amejibanza katikati ya spika, kajifunika turubai. Miaka kumi, labda kumi na mmoja. Mwenye kikundi akacheka, akasema huyu naye kashapenda safari. Nasi tukacheka. Hakuna aliyeuliza mama yake yuko wapi. Mimi sikuuliza.

Tulimwita Dogo, na kazi yake ikawa moto.

Asiyejua atadhani ni kazi ndogo. Ngozi ya ngoma ikipigwa baridi au unyevu hulegea, na ngoma iliyolegea inasema *bu* pale inapotakiwa kusema *ti*. Kwa hiyo nyuma ya kila ukumbi, nyuma ya kila baa, kulikuwa na moto. Dogo aliuwasha kwa makaratasi na nyasi kavu, akaulisha kwa vijiti, kwa sababu alitaka mwali wa haraka na si kaa la kukaa. Ngoma alizilaza kwa duara, nyuso zimeelekea motoni, ndogo kwa mbali kidogo maana ndizo zinazowahi. Alipitisha kiganja juu ya ngozi. Aligonga kwa kidole kimoja, akainamisha sikio. Akaigeuza. Akagonga tena. Kulikuwa na harufu ya manyoya yanayoungua kidogo, ile ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye supu ya kongoro miguu yangu inataka kucheza.

Ikizidi moto, ngozi inapasuka.

Ilipasuka Makambako. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, Dogo kaukinga moto kwa kipande cha bati, mkono mmoja kashika bati, mwingine anageuza ngoma. Ile kubwa ilikaa sekunde chache zaidi. Tuliisikia kutoka ndani, mlio kama wa mtu aliyepigwa kofi. Usiku ule mwenye kikundi akasema Dogo hali. Sisi wengine tukapewa wali na maharage katika sinia, tukakaa chini ya taa ya gari. Yeye alikaa upande wa pili wa moto wake akitazama makaa.

Nilikula wali wangu.

Alikaa nasi kama miaka mitatu. Kisha siku moja hakuwepo. Mmoja akasema kaenda Kahama kwenye dhahabu, mwingine akasema Msumbiji. Mwaka uleule, 1994, televisheni ya ITV ikaanza kurusha matangazo. Miaka iliyofuata watu wakazoea kukaa nyumbani kutazama maigizo bure, nasi tukawa na mengine ya kuhangaikia.

## Simu

Nilimpigia mpiga ngoma wetu mkuu, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini na ushei, analima mihogo Mkuranga. Nilitaka vipimo. Sindimba ilihitaji ngoma zishike kwa muda gani? Zikilegea katikati, alifanyaje?

"Wewe binti, unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa napokea tu. Nanyoosha mkono nyuma, ngoma ipo. Muulize Dogo."

"Dogo yuko wapi, mzee?"

"Nitajuaje."

Tukanyamaza kidogo. Nikasikia kuku upande wake. Halafu akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote ile, nikiwa hatua ishirini kutoka kwenye ule moto, sikukijua.

Dogo hakuwahi kuiona shoo. Hata moja. Kazi yake ilianza kabla ya kwaya na haikuisha mpaka taarab, na moto haukuachwa. Lakini hakuna aliyemwita kuleta ngoma. Alikuwa anajua kwa masikio. Kishindo cha mbao, ni sarakasi wanatua. Kicheko cha kwanza, mlevi kaingia. Kicheko cha pili, mlevi kamkosea mkwe. Kicheko cha tatu, kile kirefu, mlevi kaanguka, na hapo Dogo tayari kasimama na ngoma ya lizombe mkononi, imeiva.

"Alikuwa anaisikia shoo kuliko ninyi mliokuwa mnaicheza," mzee akasema. "Haya, salimia nyumbani."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

## Kutoka motoni

Usiku ule niliandika kurasa nne, na asubuhi sikuzifuta, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Tatu bado yumo, lakini sasa ni sauti inayotoka upande wa pili wa ukuta. Mwenye kitabu ni mtoto wa motoni. Shoo nzima tunaisikia kama alivyoisikia yeye, kwa mgongo. Anayemshangilia haonekani, anayeanguka haonekani. Na ghafla zile kurasa za nyimbo zilizonitesa hazikuhitajika, kwa sababu mtu aliye nyuma ya ukuta hasikii beti. Anasikia vipande. Vingine anajijazia mwenyewe.

Mwimbaji ndani anaimba: *Nimekupa moyo wangu, wewe wanipa mgongo.*

Mtoto nje anasikia: *Nimekupa mchuzi wangu, wewe wanipa mhogo.*

Na anamwonea huruma sana huyo mwanamke, maana mhogo bila mchuzi anaujua.

Hapo mjukuu wangu hakuruka. Alisoma, akacheka, na jioni nikamsikia anaosha vyombo huku anauimba, kwa sauti aliyoitunga mwenyewe, ambayo haifanani hata kidogo na ile iliyokuwa kichwani mwangu. Ni sauti mbaya kwa kweli. Nimeiacha.

Jambo jingine likajipa lenyewe. Nilikuwa nimehangaika sana na mambo ya watu wazima: pombe, mipasho, wanaume wanaongoja wacheza ngoma getini, mwenye kikundi anayehesabu mapato ya mlangoni chini ya meza. Kwenye mswada wa kwanza niliyafagia yote, ukumbi ukabaki safi kama hospitali. Mtoto wa motoni hayafagii wala hayaelezi. Walevi wanatoka nje kujisaidia, wanamkuta pale, mmoja anamsimulia maisha yake yote huku kafungua zipu, mwingine anajaribu kuchomea sigara kwenye moto wake na kuunguza kope. Getini kuna mwanaume mwenye gari jeupe ambaye kila Jumamosi anamuuliza jina la dada yuleyule. Mtoto anageuza ngoma. Msomaji wa miaka 11 ataelewa kiasi chake, wa 14 ataelewa zaidi kidogo, na mwalimu atakayekisoma kwanza atakohoa.

Kurasa zimebaki 97.

## Bado hilo la shule

Mhariri ameupenda mswada mpya kuliko ule wa Tatu. Ana ombi moja. Anataka sura ya mwisho mtoto arudi shuleni, avae sare, akae dawati la mbele. Ni kitabu cha watoto, anasema, na kitanunuliwa na shule.

Simlaumu. Vitabu vya picha vya watoto wadogo angalau vinapatikana, lakini riwaya ya Kiswahili ya mtoto wa miaka 10 hadi 13 ni ya kutafuta kwa tochi, na mwenye kuichapisha anajua nani atailipia. Nimeiandika hiyo sura ya sare mara mbili. Imeandikika vizuri tu. Kila nikiimaliza naona namtia Dogo uongo mdomoni, nami nikijisafisha kwa maji yake. Nikimwacha asiende shule, nitasimamaje tena mbele ya lile darasa?

Maana siku ile, nilipokuwa natoka, mwalimu alinisindikiza mpaka getini. Nikamsifia yule mtoto wa dirishani, nikasema ana akili.

"Anayo," akasema. "Ila huyo, mama, leo ndiyo kaja. Wiki nzima hakuonekana."

Nikauliza huwa anakwenda wapi. Kengele ikalia, akaniaga, akarudi ndani.

Wiki iliyopita nimeandika sura ya Makambako. Bati, manyunyu, mlio wa ngozi. Sikumwonea huruma mtu. Kwenye sinia nimemweka mwanamke kijana, mcheza ngoma, hana jina, anaonekana kwa sentensi moja tu: *Yule dada aliyevaa kaniki alimtazama, kisha akala wali wake.*

Mswada umerudi jana. Pembeni ya sentensi hiyo mhariri kaweka mstari wa penseli na kuandika: "Kwa nini hampi?"

Sijamjibu.